Kamera Ipi kwa Safari ya Urafiki?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki)



Jambo tunaloleta mbele yenu linaweza kuonekana dogo likilinganishwa na maji, zahanati na shule, lakini tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa limekwisha kutugharimu.

Sharika kadhaa zimeleta maombi ya kununua kamera ya video. Sababu zilizoandikwa ni nzuri. Wajumbe wanajiandaa kwenda Ujerumani na Marekani kuwatembelea marafiki zetu, na wanataka kurudi na picha ambazo washarika waliobaki nyumbani wataziona. Aidha, wafadhili wanaomba kuona kazi inavyokwenda, si kusoma taarifa peke yake. Barua karibu zote zinataja aina ya kamera inayotakiwa, na nyingine zimeambatanisha ankara ya duka. Lakini hakuna hata barua moja iliyoeleza kamera hiyo itarekodi kwa mfumo gani, faili zake zitafunguliwa na nani, na baada ya miaka 10 zitakuwa wapi.

Hayo ndiyo tunayoomba kuyazungumza leo. Tukiangalia hasara ambazo ofisi yetu imepata katika kazi ya video, ni chache sana zilizotokana na kamera mbovu. Nyingi zilitokana na mfumo ambao hakuna aliyeuuliza.

KANDA ILIYOKAA KABATINI

Mwaka 2006 tulipokea wageni kutoka usharika rafiki wa Marekani. Walikuja na kamera ndogo ya kanda, zile kanda za MiniDV ambazo wengi wetu tunazikumbuka. Katika ziara yao walimtembelea mwinjilisti mstaafu, mzee wa siku nyingi, ambaye alikuwa amefungua mitaa minne kwa kutembea kwa miguu. Mzee aliketi chini ya mwembe akazungumza karibu saa nzima. Alieleza jinsi kisima cha kwanza kilivyochimbwa, na nani alitoa eneo la zahanati, na alilitoa kuanzia wapi mpaka wapi. Wageni walipoondoka walituachia kamera na kanda kama zawadi. Tulishukuru sana.

Mwaka uliofuata kamera ile iliharibika. Hatukuwa na wasiwasi, kwani tulikuwa na kamera nyingine ya kanda za aina ile ile, iliyonunuliwa hapa nchini. Tukaingiza kanda ya mzee. Skrini ikatoa rangi ya bluu tu. Tukampelekea fundi mjini, naye akapata bluu ile ile. Kanda ilikuwa nzima, na kamera ilikuwa nzima. Lakini kanda ilirekodiwa kwa mfumo wa Marekani na kamera yetu ilijua kusoma mfumo wa hapa peke yake. Tukaiweka kabatini.

Mzee alilala katika Bwana mwaka 2008. Mwaka 2011 ukatokea mgogoro wa mpaka kati ya zahanati na ukoo uliotoa ardhi. Hapakuwa na hati iliyoonyesha mpaka wa zamani, na waliokuwepo siku ya kukabidhiwa walikuwa wamekwisha kutangulia. Kila upande ulisema, "Kama mwinjilisti angekuwepo, angetueleza." Nasi tulikuwa na sauti yake kabatini, tusiweze kuisikia.

Kwa neema ya Mungu, mwaka 2012 mgeni mmoja aliibeba kanda ile hadi Marekani. Msharika wa huko alikuwa bado na kamera ya zamani ya mfumo wao. Akaihamisha kanda kuwa faili la kompyuta na kuturudishia. Dakika za mwanzo zilikuwa zimeharibika kwa unyevu, lakini sehemu ya ardhi ilisikika. Tuliwaita wazee wa ukoo na wazee wa kanisa, tukaketi pamoja tukasikiliza. Mzee alisema mpaka ni njia ya kwenda mtoni. Uzio wetu ulikuwa umevuka njia ile. Kanisa ndilo lililokuwa limekosea. Tuliurudisha uzio nyuma, tukaomba radhi, na tangu siku hiyo ukoo ule na zahanati ni majirani wema.

Ndugu wanakamati, tumeanza na habari hii ili ieleweke kwamba hatuzungumzii anasa. Video ni kumbukumbu ya kanisa kama kilivyo kitabu cha ubatizo. Kitabu kilichoandikwa kwa wino unaofutika hakimfai mtu.

MIFUMO HII ILITOKA WAPI

Tueleze kwa ufupi. Umeme wa majumbani hauendi moja kwa moja kama wa betri. Hubadilika mwelekeo na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Hapa Tanzania, pamoja na Kenya, Uganda, Ujerumani, Uingereza na nchi za Skandinavia, hubadilika mara 50 kwa sekunde, na hiyo huandikwa Hz 50. Marekani na Canada ni mara 60, yaani Hz 60. Waliobuni televisheni waliufuata mwendo huo wa umeme. Kwa hiyo Marekani wakapata picha zinazokaribia 30 kwa sekunde, na Ulaya wakapata picha 25.

Zilipoingia rangi, Marekani iliidhinisha mfumo wake wa NTSC mwaka 1953, wenye mistari 525. Ujerumani, kwa kazi ya mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, ilibuni mfumo wa PAL wenye mistari 625, ulioanza kurushwa hewani mwaka 1967. Ufaransa nayo ikaanza na mfumo wake wa SECAM mwaka huo huo. Zanzibar ilipoanza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilipopata televisheni katika miaka ya 1990, mfumo uliotumika ulikuwa PAL. Ndiyo maana kanda ya mgeni na kamera yetu havikuelewana. Na ndiyo maana DVD tulizokuwa tukiwapelekea marafiki wa Marekani katika miaka ya 2000 mara nyingi zilikataa katika mashine zao, nao kwa upole wakatuandikia kwamba "wamezipokea".

KILICHOPITA NA KILICHOBAKI

Mambo mengi yamebadilika. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza mashine za kanda za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Matangazo ya analojia ya Dar es Salaam yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Leo video ni faili. Faili la picha 25 kwa sekunde linachezwa katika simu ya Minnesota kama linavyochezwa katika simu ya Iringa, na YouTube hupokea 25 na 30 bila ubaguzi.

Kwa hiyo ile hofu ya zamani, kwamba rafiki hataweza kuiona kazi yetu kwa sababu ya PAL na NTSC, tunaweza kuiweka chini. Hata hivyo maneno hayo mawili bado mtayakuta ndani ya menyu ya kamera, wakati mwingine yameandikwa PAL na NTSC, wakati mwingine Hz 50 na Hz 60. Msiyapite haraka. Siku hizi yanaamua mambo mawili tu: idadi ya picha kwa sekunde, na jinsi kamera inavyopatana na taa.

Jambo la taa ndilo linalowashinda wengi. Taa zinazotumia umeme wa Hz 50, hasa zile ndefu za tyubu na baadhi ya LED za bei nafuu, hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaona. Kamera iliyowekwa mwendo wa Marekani ikirekodi ndani ya wodi au ukumbi wa hapa kwetu, picha hucheza-cheza, au mistari ya giza hupanda na kushuka ukutani. Nje kwenye jua hakuna shida yo yote, na ndiyo maana mtu hujaribu kamera uani, akaridhika, kisha akaharibikiwa ndani ya kanisa.

Lilitupata sisi wenyewe, kwa upande wa pili. Mwaka 2018 wajumbe wetu walikwenda Marekani na kamera iliyowekwa mwendo wa nyumbani. Walirekodi vizuri barabarani na mashambani. Lakini mazungumzo muhimu kuliko yote, ambapo wazee wa pande mbili walikubaliana juu ya ufadhili wa wanafunzi wa sekondari, yalifanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa wenye taa za tyubu. Tuliporudi, mistari ya giza ilipita juu ya nyuso za wasemaji mwanzo hadi mwisho. Sauti ilisalimika. Picha hatukuthubutu kuionyesha katika mkutano mkuu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Ndani ya kamera mna shata, kile kinachoamua kila picha moja ipokee mwanga kwa muda gani. Kanuni ni hii:

- Mahali penye umeme wa Hz 50 (Tanzania, Ujerumani, Sweden, Finland): shata iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde.
- Mahali penye umeme wa Hz 60 (Marekani, Canada): shata iwe 1/60 au 1/120.

Idadi ya picha kwa sekunde haihitaji kubadilishwa kwa sababu ya safari. Kamera inaweza kubaki kwenye picha 25 hata ikiwa Marekani, mradi shata imefuata taa za wenyeji. Wanaotumia simu, watafute katika mipangilio ya kamera sehemu ya kuzuia kucheza kwa mwanga, wachague 50 au 60 kulingana na nchi waliyomo. Simu za iPhone zina mahali pa kuruhusu fomati za PAL, na ukiwasha hapo unapata picha 25 kwa sekunde.

Jambo la pili ni la wale wanaounganisha picha. Filamu moja iwe na mwendo mmoja. Ukichanganya picha za 25 na picha za 30 katika filamu moja, kompyuta italazimika kurudia au kuruka baadhi ya picha, na mtu anayetembea ataonekana kama anashtuka-shtuka. Wajumbe wakubaliane kabla ya kupanda ndege. Kama simu nyingi katika msafara zinarekodi 30 tu, basi wote wachague 30, na shata ifuate taa. Si dhambi. Dhambi ni kila mtu kuwa na lake.

UKUBWA WA FAILI NA SUBIRA YA RAFIKI

Kuna neno linalopendwa sana madukani siku hizi, nalo ni 4K. Tumeona maombi mawili yanayosema usharika unahitaji kamera ya 4K "ili kuendana na wakati". Tuhesabu pamoja, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14 alivyopaswa kuketi kwanza.

Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza megabaiti 750 kwa dakika moja, maana baiti moja ni biti nane. Dakika 30 ni gigabaiti 22.5. Kama intaneti ya ofisi inapakia kwa megabiti 2 kwa sekunde, faili hilo litachukua saa 25, na hapo ni pale ambapo umeme haukukatika wala bando halikwisha. Tulijaribu kupeleka taarifa ya zahanati kwa namna hiyo. Bando la mwezi lilikwisha kabla ya siku ya pili, na taarifa haikufika.

Sasa tuchukue filamu ile ile, tuipunguze iwe ya dakika 10, katika ukubwa wa 1080, ambao wengi wanaujua kama HD kamili, kwa megabiti 8 kwa sekunde. Hicho ndicho kiwango ambacho YouTube wenyewe hukipendekeza kwa ukubwa huo katika mwendo wa picha 25 au 30. Faili litakuwa megabaiti 600, na kwa intaneti ile ile litapanda kwa dakika 40. Tukishuka kwenye ukubwa wa 720 kwa megabiti 5, ni megabaiti 375, yaani dakika 25. Rafiki anayeangalia kwenye simu hataona tofauti kubwa. Atakachoona ni kwamba ahadi ya kuleta taarifa imetimizwa.

Liko pia suala la namna picha zinavyobanwa ndani ya faili. Njia iliyoenea kuliko zote inaitwa H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003. Ipo nyingine mpya, H.265, ya mwaka 2013, ambayo hubana zaidi kwa ubora ule ule. Ni nzuri, lakini kompyuta nyingi za zamani hukwama nayo, na kompyuta zilizomo katika ofisi za sharika zetu tunazifahamu. Marafiki zetu nao, wengi wao ni wazee waliostaafu wanaotumia mashine waliyoizoea. Kwa hiyo tunashauri H.264 ndani ya faili la MP4. Katika iPhone H.264 hupatikana kwa kuchagua fomati inayopatana na vifaa vingi badala ya ile ya kubana zaidi.

Kwa upande wa zawadi, tunawashukuru marafiki wanaotuletea kamera walizozitumia. Tunaomba tu tuulizane mapema. Baadhi ya kamera za video za tangu mwaka 2006 hurekodi kwa AVCHD, mfumo wa Sony na Panasonic, ambao hutawanya faili ndani ya folda nyingi. Mtu akinakili faili moja na kuacha folda, anaweza kupoteza sehemu ya mazungumzo. Nakilini kadi yote kama ilivyo. Vilevile kamera nyingi za picha za mnato za miaka ya nyuma hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu watengenezaji walikuwa wakikwepa ushuru wa Ulaya juu ya kamera za video. Kwa harusi haidhuru. Kwa ibada ya kumbariki mchungaji, mtu awe macho.

KUSHIRIKISHA MTANDAONI

Njia tunazozitumia zaidi ni mbili, na kila moja ina tabia yake.

WhatsApp hubana video kabla ya kuituma. Ni nzuri kwa salamu, lakini haifai kwa kumbukumbu. Mkitaka faili lifike lilivyo, litumeni kama waraka, si kama video; tangu mwaka 2022 njia hiyo hupokea hadi gigabaiti 2. Na mtu asiifanye WhatsApp kuwa ghala la usharika. Simu ikiibiwa, ghala limekwenda.

YouTube hutunza vizuri na kuonyesha kwa ukubwa unaolingana na intaneti ya mtazamaji. Akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu hairuhusiwi kupakia zaidi ya dakika 15, hivyo ithibitisheni mapema. Pia chagueni nani ataona. Kuna ya wote, kuna ya siri, na katikati kuna ile isiyoorodheshwa, ambayo huonekana na mwenye kiungo peke yake. Taarifa kwa wafadhili iwe hiyo ya katikati. Lakini mkumbuke kwamba kiungo kinaweza kupelekwa kwa mwingine. Haifanani na mlango uliofungwa kwa ufunguo.

Hapa tunataka kusema jambo kwa uzito. Mama aliyelala wodini hakuja hospitali kuwa picha ya taarifa yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, zikiwemo za afya yake na za watoto. Lakini hata kabla ya sheria tulikuwa na Injili. Mweleze mtu picha itakwenda wapi na nani ataiona. Mwonyeshe kwenye skrini ulichorekodi. Akikataa, mshukuru na ufute mbele yake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali kwanza. Marafiki zetu wafadhili, tunajua mngependa kuona nyuso za watoto mnaowasaidia. Tunaomba mtuelewe pale tutakapoonyesha bomba la maji, ubao wa darasa, na mikono inayoandika, bila sura.

Kwa wanaosafiri, kanuni ni ile ile, nasi tukiwa wageni. Ujerumani watu wengi hawapendi kupigwa picha bila kuulizwa, na hasa watoto wao. Muulizeni mwenyeji kabla ya kuingia na kamera katika shule, hospitali au ibada.

MAPENDEKEZO YA OFISI

Kwa hiyo, Ofisi ya Miradi inapendekeza kamati zizingatie yafuatayo kabla ya kuidhinisha fedha:

1. Kamati iandike kwanza nani atatazama, kwa kifaa gani, na kwa intaneti ya namna gani. Aina ya kamera ifuate baada ya hapo.

2. Mfumo wa kazi zetu uwe MP4 ya H.264, ukubwa wa 1080, picha 25 kwa sekunde. Anayetaka tofauti aeleze sababu.

3. Shata ifuate taa za mahali: 1/50 au 1/100 hapa na Ulaya, 1/60 au 1/120 Marekani na Canada. Irekodiwe dakika moja ya majaribio ndani ya ukumbi, chini ya taa zenyewe, na itazamwe kabla shughuli haijaanza.

4. Kama usharika una simu nzuri ya kutosha, fedha ya kamera inunue maikrofoni ya kubandika kifuani, mguu wa kamera wenye miguu mitatu, na diski mbili za nje, zile vijana wanazoziita eksteno. Picha yenye kasoro kidogo mtu huivumilia. Maneno yasiyosikika hakuna anayeyavumilia. Kama si sauti, ile kanda ya mwinjilisti isingemsaidia mtu.

5. Kadi za kumbukumbu ziwe na alama ya V30, yaani zinazoweza kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi ya gigabaiti 64 huchukua kiasi cha dakika 170 kwa megabiti 50 kwa sekunde, lakini dakika 85 tu kwa megabiti 100.

6. Kila jioni ya safari kadi inakiliwe mara mbili, na nakala hizo zibebwe na watu wawili tofauti. Kadi isifutwe mpaka wote wawili wamefika nyumbani. Betri za akiba zibebwe katika begi la mkononi, maana haziruhusiwi katika mizigo ya chini ya ndege. Chaja iangaliwe kama imeandikwa 100–240V. Hiyo itafanya kazi kote, kwa kuongeza kichwa cha soketi tu.

7. Ushuhuda wa wazee, makabidhiano ya ardhi, na makubaliano ya miradi vinakiliwe makao makuu ya Dayosisi, pamoja na karatasi inayotaja tarehe, mahali, wasemaji na idhini yao. Kila mwaka mtu mmoja afungue faili hizo aone kama bado zinafunguka. Mfumo ukianza kuzeeka, zihamishwe kabla mashine ya mwisho haijafa.

8. Kanda za zamani zilizomo makabatini, ziwe VHS, ziwe MiniDV, zisitupwe. Ziletwe ofisini mapema. Tunawaomba marafiki wa Marekani na Ujerumani ambao bado wana mashine za kuzisoma watusaidie kuzihamisha. Msaada huo hautagharimu sana, nao ni mkubwa.

Ndugu zangu, mwembe ule bado upo. Na katika kila usharika uliowakilishwa hapa, yuko mzee au bibi anayejua mpaka uko wapi, kisima kilichimbwaje, na nani alitoa nini kwa ajili ya kazi ya Bwana. Hatuna sababu ya kungoja kamera mpya. Mtakaporudi nyumbani, chukueni simu iliyomo mfukoni, wekeni mfumo tuliousema, mwombeni ruhusa, mketi karibu naye, mumwache aseme.